Kadi ya Njano

Kila asubuhi, saa moja na robo, tunasimama.
Viti niliviondoa Februari. Mshauri kutoka Helsinki
alisema aliyeketi husema mengi,
na kwa vile analipwa kwa siku, nikamwamini.

Dakika kumi na tano. Jana ulifanya nini,
leo utafanya nini, nini kinakukwaza.
Ukutani safu tatu za kadi za njano:
Bado. Inaendelea. Tayari.
"Refa," Ilpo huniita nikibandika mpya,
"leo unamtoa nani?"

Sikumtoa mtu. Ulimwengu ndio uliotutoa:
magazeti siku hizi husomwa kwenye kiganja,
na Mashine ya Nne, iliyotema karatasi
tangu baba yangu alipokuwa kijana wa zamu ya usiku,
ilizimwa Alhamisi, saa nane mchana.
Ilichukua dakika arobaini kunyamaza.

Sasa tunatengeneza maboksi
ya viatu vya watu tusiowajua,
na kazi ya ofisi yangu ni kuwakunja watu
bila kuwavunja.
Samaki mkunje angali mbichi. Sawa.
Ila Ilpo Kettunen ana miaka hamsini na minane
na mgongo uliopasuliwa mara mbili.

Nilifuta tathmini ya mwaka,
ile fomu ya kurasa kumi na moja
iliyokuwa ikifika Desemba kama bili.
Badala yake mazungumzo, kila wiki mbili,
kahawa, bila alama.
Nilifuta na vyeo. Fundi, mwendeshaji, msaidizi,
wote nikawaita "timu",
na wiki nzima hakuna aliyejua
nani akae na ufunguo wa stoo.

Orvokki, mkata karatasi wa miaka ishirini,
alijifunza kuchora kwa kompyuta.
Akaja na boksi lisilotaka gundi,
akalifunga, akalifungua, akalifunga tena mbele yetu,
mashavu yakimwiva.
Hilo limo kwenye ripoti.

Joni hayumo. Joni alijifunza kazi nne
katika miezi mitatu, kijana mwepesi,
ndiye niliyekuwa nikimtolea mfano.
"Kila Jumatatu mimi ni mgeni," aliniambia,
akaacha kazi Aprili,
theluji chafu ingali kwenye maegesho.

Na kadi ya Ilpo ilibaki kwenye Bado.
Nikamuuliza: unaweza nini?
Akakaa kimya hadi kahawa ikapoa.
"Nasikia," akasema.
"Beringi ya Mashine ya Nne ikitaka kufa
nilikuwa najua siku tatu kabla."
Orodha yangu ya stadi ina mistari arobaini na miwili.
Nilitafuta. Nikamwandika kwenye Mengineyo.

"Na hii mpya?"
Akatikisa kichwa.
"Hii siielewi. Inanong'ona.
Nipe usiku wa kutosha niizoee sauti."
Wiki ngapi?
"Sasa hilo," akasema, "muulize yeye."

Mpango wangu hauna kazi isiyo na mwisho.
Lakini jioni ile nilishuka stoo,
(ufunguo, kumbe, alikuwa nao Orvokki)
nikachukua kiti kimoja,
nikakipeleka mwenyewe karibu na mashine.

Wiki ya tisa leo. Kadi iko Inaendelea,
gundi imekauka, nimeibandika upya kwa utepe.
Mshauri alipiga simu: kwa nini hii haisogei?
Nikasema inasogea.
Sikuwa na namba ya kumpa.

Jana usiku nilimkuta ameketi, macho kayafumba.
Nilitaka kuuliza. Akainua kidole.
Nikasimama pale kandoni mwake, saa yangu mkononi,
nikisikiliza,
na sikusikia chochote ila kelele.